Hilux 1KZ inakula maji na sioni inapovuja, ikifika Kitonga inachemsha. Ni gasketi au?

#1 Nyanya Masalo
Wakuu habari zenu. Nina Hilux double cabin, injini 1KZ-TE, manyuo, niliinunua mkononi kwa mtu mwaka jana. Kazi yake ni kupandisha mbolea na madawa ya shamba kutoka Moro kwenda Ilula na kushuka na nyanya. Mjini na barabara ya tambarare haina neno, geji inakaa palepale katikati hata niendeshe kutwa. Shida ni mlima. Natoka Ruaha Mbuyuni vizuri kabisa, naanza kupanda Kitonga nyuma ya semi, gia ya pili, hapo mshale unaanza kupanda taratibu, nikifika zile kona za katikati uko robo tatu, nikilazimisha unagusa nyekundu. Nikisimama nikaiacha inaunguruma inashuka baada ya muda.

Maji nayo yanapungua, nikifika nyumbani naongeza kama lita moja na nusu hivi kwenye rejeta na chini ya gari hakuna hata tone. Oili iko safi, kijiti hakina ule uji mweupe. Fundi wa kwanza alitoa themostati (ile valvu inayofungulia maji ya moto kwenda rejeta) akasema ndiyo mchawi, ikawa vilevile. Wa pili akanifungia rejeta jipya la Kichina, ikatulia kidogo kisha ikarudi. Wa tatu anataka nimpe hela ashushe hedi (kile kichwa cha injini kinachokaa juu ya bloku) abadili gasketi inayoziba kati yake na bloku. Kabla sijaitoa hiyo hela naomba kuuliza, gasketi ikifa si maji yanaingia kwenye oili? Mbona yangu oili safi?

#2 Chuma Kizee
Gasketi hiyo. Mpe fundi hela.

#3 Fundi Kimya
Mkuu #1, hilo la oili ndilo linawaponza wengi. Gasketi ya hedi ina njia tatu kubwa za kufia. Inaweza kuunganisha njia ya maji na ya oili, hapo ndo unaona uji. Inaweza kuunganisha silinda na silinda, hapo gari inakosa nguvu na inatetemeka. Na inaweza kuunganisha silinda na njia ya maji, hapo oili inabaki safi kabisa kama yako ila moshi wa mlipuko unaingia kwenye maji, unajaza presha, maji yanatupwa nje kupitia mfuniko kwenda rizeva (kile kichupa cha akiba ya maji) na kumwagika barabarani ukiwa unaendesha, ndo maana hukuti tone chini ukipaki.

Kesho alfajiri kabla hujawasha, gari imelala usiku kucha, shika ule mpira mnene wa juu wa rejeta ubonyeze. Ukiwa mgumu umejaa upepo, kuna moshi umelala humo ndani. Ukiwa laini unabonyea hadi vidole vinakutana, bado hatujamalizana ila una nafuu. Alafu fungua mfuniko ikiwa BARIDI, washa, angalia mdomo wa rejeta kama kuna mapovu yanapanda mfululizo hata baada ya hewa ya kawaida kuisha.

#4 kipara wa Mafinga
Kabla ya yote, mbolea unabeba mifuko mingapi?

#5 Nyanya Masalo
@kipara wa Mafinga sio mingi, 28 tu. Springi nimeongeza majani.

#6 kipara wa Mafinga
28 x 50 = 1,400. Plus wewe, utingo, madawa na tairi la akiba. Hiyo gari imetengenezwa kubeba tani moja hivi. Alafu mnasema inachemsha Kitonga hahaha hata mimi ningechemsha.

#7 Chuma Kizee
Springi umeongeza majani, injini umeiongezea nini?

#8 Mama Vitunguu
Jamani mwacheni kaka wa watu. Nani hapa anayepandisha mzigo Kitonga na kilo alizoandikiwa? Mimi Canter yangu inapanda na tani zisizosemeka na haijawahi kunichemshia. Mzigo unaonyesha ugonjwa, hauuleti. Kaka, mimi swali langu ni moja tu, hiyo rizeva ukifika nyumbani ina maji kiasi gani?

#9 Dogo D4D
Aangalie na EGR kula, kile kipoozi cha moshi unaorudishwa kwenye injini. Ya kwangu ilikuwa hivihivi, maji yanapotea, oili safi, chini pakavu, kumbe EGR kula imetoboka ndani maji yanavutwa yanaunguzwa yanatoka kwenye ekzosi. Nikabadili mpaka leo sijaongeza hata glasi.

#10 Nyanya Masalo
@Mama Vitunguu dada umenishtua, nimeenda kuangalia sasa hivi. Rizeva imejaa mpaka juu na rejeta imepungua. Hii inamaanisha nini?

#11 Fundi Kimya
@Dogo D4D hiyo ni habari ya injini za KD, zile za komonreli zinazoitwa D4D. Yake ni 1KZ, dizeli ya chemba ya pembeni yenye pampu inayoongozwa na kompyuta, hiyo kula unayoisema haina. Gari zinafanana kwa nje ila usichanganye dawa.

#12 Dogo D4D
Sawa fundi, nimepokea. Ila mtu mwenye D4D anayesoma uzi huu alichukue hilo.

#13 Mgosi wa Korogwe
Sasa hiyo post #10 mbona imemaliza kesi. Rizeva imejaa, rejeta imepungua = MFUNIKO. Mfuniko wa rejeta una valvu mbili. Kubwa ya springi inaachia maji yakipata presha yaende rizeva. Ile ndogo ya katikati, kile kisahani unachoweza kukivuta kwa kucha, inafunguka gari ikipoa ili maji yavutwe yarudi. Ile ndogo ikiganda maji yanaenda hayarudi. Au kale kampira kembamba ka kwenda rizeva kametoboka kanavuta hewa badala ya maji. Kila safari unapoteza kidogo na rizeva inajaa mpaka inafurika.

Na juu ya mfuniko kuna namba, 0.9 au 1.1. Hiyo ni presha. Kwa 0.9 maji yanachemka karibu digrii 120 badala ya 100. Mfuniko ukiwa haushiki presha maji yanachemka mapema, na kumbuka ukipanda kwenda Iringa unapanda juu, Iringa maji ya kawaida yanachemka kama digrii 95. Kwaiyo mfuniko mbovu Dar unaweza usiuone, Kitonga ukakuumbua. Nunua mfuniko halisi kwanza, bei yake haifiki hata robo ya kushusha hedi.

#14 Chuma Kizee
Mgosi umeongea vizuri kweli ila hiyohiyo rizeva iliyojaa ndiyo dalili ya gasketi. Moshi unaingia kwenye maji, unasukuma maji kwenda rizeva, gari ikipoa nafasi ya juu ya rejeta imejaa upepo kwaiyo haivuti kitu. Rizeva imejaa rejeta imepungua. Ushahidi mmoja watuhumiwa wawili.

#15 Mgosi wa Korogwe
Ndo maana unaanza na mtuhumiwa wa bei rahisi.

#16 Mpemba wa Muscat
Assalaam alaykum. Mimi nipo Oman, kiangazi huku joto linapita 45 na gari zinakaa foleni na AC imewashwa, kwaiyo haya mambo tunayajua. Gereji za huku hawagusi spana kabla ya kufunga pampu ya presha kwenye mdomo wa rejeta, inafanana na pampu ya baiskeli yenye geji. Unapiga mpaka ile namba ya mfuniko, unaiacha, unatazama geji. Ikishuka kuna mahali panavuja, utafute kwa tochi, wota pampu kile kitundu chake cha chini, mipira, kula ya hita (kile kirejeta kidogo cha joto) ndani ya dashibodi, vile vikofia vya chuma kwenye bloku hasa vya nyuma karibu na gea boksi ambavyo havionekani. Kuna uvujaji mdogo ambao hauangushi tone, unadondokea kwenye injini ya moto unakauka papohapo unaacha alama ya rangi ya kulanti (yale maji ya dawa ya kupoozea injini) tu. Na mfuniko wenyewe unapimwa kwa pampu hiyohiyo kwa kutumia kiunganishi chake.

Rejeta unaweka kulanti au maji ya bomba?

#17 Nyanya Masalo
Nilikuwa na kulanti, ila kwa huku kuongeza kila safari nimebaki na maji tu. Ya kisima.

#18 Mpemba wa Muscat
La hawla. Maji ya kisima ya chumvi ndugu yangu? Hedi ya hiyo injini ni aluminiamu na bloku ni chuma, maji ya chumvi bila kulanti yanaitafuna hedi kwenye midomo ya gasketi na yanaacha magadi ndani ya rejeta. Hata kama leo shida sio rejeta basi unaitengeneza ije kuwa.

#19 Injinia Bila Cheti
Mnazunguka sana wakuu. Tusome dalili za mtoa mada polepole. Tambarare kwa spidi haichemshi. Inachemsha mlimani, gia ya pili, spidi 20, nyuma ya semi. Kwa spidi 80 upepo wa barabarani unapooza rejeta wenyewe, hata feni ingekuwa imekufa usingejua. Kwa spidi 20 na injini inavuta kwa nguvu zote kitu pekee kinachopitisha upepo ni FENI. Na feni ya 1KZ haijafungwa moja kwa moja, ina klachi yenye mafuta mazito ya silikoni ndani, ikipata joto inakaza ikiwa baridi inalegea. Ikizeeka yale mafuta yanavuja, feni inazunguka kivivu, unaiona inazunguka unadhani nzima.

Pima hivi: ukifika juu gari ya moto zima injini, mtu mwingine awe anaangalia feni. Ikisimama karibu palepale, klachi inashika. Ikiendelea kujizungukia yenyewe raundi nyingi, imekufa. Angalia pia mbele ya klachi pale kwenye chuma cha katikati kama kuna mafuta yamekusanya vumbi jeusi la kunata.

Na lile kava la plastiki la kuzunguka feni lipo? Mafundi wakibadilisha rejeta wana tabia ya kulitupa eti linasumbua kulirudisha.

#20 Nyanya Masalo
@Injinia Bila Cheti kava halipo. Sijui kama lilikuwepo.

#21 Injinia Bila Cheti
🤦🏾

#22 Likoni Feri
Niaje watu wangu. Hapa Mombasa ndugu yangu alikuwa na pickup kama hiyo hiyo, akitoka Mombasa hadi Voi iko poa, akianza kupanda Mtito na load inaboil. Walibadilisha gasket mara mbili. Mekanika wa tatu, mzee mmoja mtulivu sana, akaangalia tu mbele akaona kati ya radiator na ile condenser ya AC kumejaa nyasi na wadudu na matope yamekaa kama mkeka. Kwa mbele ilikuwa inang'aa kwa sababu jamaa alikuwa anaipiga pressure ya maji kila Jumapili, pressure ndiyo ilikuwa inasukuma uchafu unaingia ndani zaidi. Wakatoa wakaosha kwa maji ya polepole kutoka upande wa injini. Ikaisha.

#23 Mama Vitunguu
Likoni hilo ni kweli, na wengine wanafunga bulbar kubwa, taa nne na namba kubwa mbele, upepo utapita wapi.

#24 Fundi Kimya
Kwenye suala la themostati nisemee kidogo maana hakuna aliyegusa. Kutoa themostati sio tiba. Zipo zenye kisahani cha pili kwa chini, kazi yake ikifunguka ni kuziba ile njia ya mkato ambayo maji hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa njia ya mkato inabaki wazi muda wote, sehemu ya maji haifiki rejeta kabisa. Kwaiyo unaweza kuitoa ili ipoe ukaifanya ichemshe zaidi mlimani. Tafuta themostati halisi, imeandikwa digrii zake, ichemshe kwenye sufuria uone kama inafunguka kisha uirudishe, kale kavalvu kadogo kenye kinjugu kakae juu ili hewa itoke.

#25 Chuma Kizee
Fundi miaka yote mimi naendesha bila themostati na gari haijawahi chemsha.

#26 Fundi Kimya
Unaishi wapi?

#27 Chuma Kizee
Njombe.

#28 Fundi Kimya
Basi.

#29 kipara wa Mafinga
😂😂😂 Njombe hata ukitoa rejeta yenyewe haichemshi

#30 Nyanya Masalo
Wakuu nimerudi na majibu. Mpira wa juu asubuhi ulikuwa laini kabisa, umebonyea. Mapovu yalikuwepo mwanzoni kisha yakaisha. Nimebadili mfuniko nimeweka halisi 0.9, na ule mpira mwembamba wa rizeva ulikuwa na ufa pale unapokutana na mdomo wa rejeta, nimekata kipande nikaurudisha. Nimepanda na mzigo jana. Maji yaliyopungua safari hii hayafiki nusu lita. LAKINI mshale umepanda kama kawaida, robo tatu. Feni nimeizima ya moto, imejizungukia raundi tatu nne hivi ndo ikasimama, sijui hiyo ni nyingi au kidogo.

#31 Mgosi wa Korogwe
Asanteni sana, mimi naondoka na ushindi wangu wa lita moja.

#32 Chuma Kizee
Hujashinda chochote, gari bado inachemsha.

#33 Injinia Bila Cheti
Raundi tatu nne ya moto ni nyingi mkuu. Klachi inayoshika haifiki hapo. Ila kabla ya kununua klachi mpya ambayo bei yake inauma, wapo mafundi wanaofungua ile ya zamani wanaongeza mafuta ya silikoni, wengine wanaipiga skrubu ishikane moja kwa moja na feni. Kwa kupimia tu unaweza kuifunga moja kwa moja ukapanda mlima mara moja, mshale usipopanda umepata jibu. Usiiache hivyo, itakula mafuta, itapiga kelele na mapanga ya plastiki yaliyozeeka yanaweza kuvunjika yakaingia kwenye rejeta.

#34 Sista wa Hesabu
Naomba kuingia hapa. Mimi sio fundi ila nimeendesha hizi gari miaka. Mtoa mada anaitegemea sana ile geji ya dashibodi na Toyota nyingi geji yake ni ya kumfariji dereva, imepangwa ikae katikati kwenye eneo pana la joto ili watu wasipaniki. Ikianza kutoka katikati ujue injini ishakuwa ya moto kweli. Kwaiyo aliposema tambarare haina neno, hatujui. Inawezekana hata tambarare inapanda ila mshale hausemi. Na maji yakiisha kabisa sensa inabaki kwenye mvuke, mshale unaweza hata kushuka, watu wengi wameua injini wakishangilia mshale umeshuka. Funga geji ya pembeni inayosoma namba.

#35 Fundi Kimya
Sista hapo umegonga penyewe. Kingine, ile bunduki ya kupima joto kwa mwanga wanayo mafundi wa friji. Pima rejeta juu unapoingia mpira na chini unapotoka, kisha pitisha katikati. Ukikuta eneo limepoa ghafla katikati ya rejeta lakini pembeni moto, mirija ya hapo imeziba. Rejeta jipya sio lazima liwe zima, na hizo za Kichina nyingi ukitazama ndani ni nyembamba kuliko iliyotoka na gari, mistari ya mirija imepungua. Ile ya zamani ya shaba ipo wapi?

#36 Nyanya Masalo
Fundi alibaki nayo. Alisema ni skrepa.

#37 kipara wa Mafinga
Skrepa ya shaba 😂 hiyo kilo ngapi mkuu? Huyo fundi alikula nyama wewe ukapewa mfupa.

#38 Mpemba wa Muscat
Na dawa ya maji ipo ya kupima moshi, ile ya buluu kwenye kichupa cha kioo unakiweka kwenye mdomo wa rejeta injini ikiunguruma, ikikutana na moshi inageuka rangi. Kwa petroli inageuka njano, dizeli kijani. Kabla ya kushusha hedi fanyeni hicho.

#39 Nyanya Masalo
Kuna gereji hapa Iringa wanayo, nimepima leo. Imebaki buluu vilevile. Kwaiyo gasketi imesalimika?

#40 Fundi Kimya
Hapana mkuu, imesalimika ikiwa sailensa, yaani inaunguruma tu bila kukanyaga mafuta. Dizeli ikiwa haina mzigo inavuta hewa nyingi na kuchoma mafuta kidogo, moshi wake mwepesi, ile dawa inaweza isigeuke hata kama upenyo upo. Na hedi ya 1KZ ina ugonjwa mwingine ambao sijausema maana nilikuwa sitaki kukutisha. Zikichemshwa zinapata nyufa kati ya valvu na kwenye zile chemba. Ufa mwingine unafunguka hedi ikiwa ya moto tu na mzigo umekaza, ikipoa unajifunga, ndo maana asubuhi mpira laini. Gasketi mpya juu ya hedi yenye ufa ni kuchoma hela. Kwaiyo hata ukishusha, hedi iende kwenye mashine ipimwe presha ndani ya maji ya moto kwanza, kama imepinda au haijapinda ipimwe kwa rula ya chuma, ndipo mzungumzie kuskimu (kuusawazisha uso wake kwa mashine). Na gasketi zake zina unene tofauti, kuna vialama pembeni, inachaguliwa kwa kupima piston inavyochungulia juu ya bloku. Fundi asiyejua hilo asiguse.

Kipimo kingine: jaza maji, funga pampu ya presha usiku kucha. Asubuhi toa hita plagi zote nne (zile za kupasha silinda wakati wa kuwasha), jiweke mbali, mwambie mtu apige stata. Silinda itakayotema maji ndiyo yenye kesi.

#41 Injinia Bila Cheti
Fundi nakuheshimu ila hapo unamrudisha mtu kwenye hedi wakati feni haishiki, kava la feni halipo, rejeta jembamba na themostati haipo. Vitu vinne vyote vya kupooza vimevurugwa na tani moja na nusu nyuma. Hata injini mpya ya boksi ingechemsha.

#42 Fundi Kimya
Na nusu lita inakwenda wapi?

#43 Injinia Bila Cheti
Maji yakipita presha ya mfuniko yanatupwa, hiyo ndo kazi ya mfuniko.

#44 Fundi Kimya
Yanatupwa rizeva. Rizeva sasa hivi inarudisha maana mpira umetengenezwa. Nusu lita imetoka nje ya mfumo.

#45 Mgosi wa Korogwe
Rizeva ikijaa inafurika kupitia kile kimrija cha pembeni. Mlimani huoni.

#46 Mama Vitunguu
Kaka, funga chupa ya maji tupu kwenye hicho kimrija kwa waya, upande nayo mlima. Ukikuta nusu lita ndani ya chupa, yanafurika kama Mgosi alivyosema. Ukikuta chupa kavu, maji yanapotelea pengine, yanaunguzwa ndani kama anavyohofia fundi au yanavuja mahali. Hela yako ni chupa ya soda tu.

#47 Sista wa Hesabu
Mama Vitunguu awe rais.

#48 Mzaramo Halisi
Mimi bibi yangu alikuwa na teksi zamani, rejeta likivuja wanatia bizari kijiko na ute wa yai, linaziba hapohapo wanafika Chalinze bila shida.

#49 Mpemba wa Muscat
Litaziba na kula ya hita na nusu ya mirija mizima. Hapo unapika mchuzi tu.

#50 Mzaramo Halisi
Teksi ilifika lakini.

#51 Likoni Feri
Hii ya mayai mimi pia nilisikia. Sasa mtoa mada kabla hujapanda tena, brake pia zichekiwe, shika rim zote nne ukitoka safari, ikiwa moja ni moto kuliko zingine brake inashika na injini inavuta gari mbili kwa moja.

#52 Nyanya Masalo
Aisee hata hilo sikuwa nimewaza, nitashika. Mpango wangu kwa sasa: kava la feni nimepata used, klachi inafungwa moja kwa moja kwa kupimia, themostati inarudi, chupa ya Mama Vitunguu inafungwa, kulanti naweka baada ya kujua kama hedi inashuka au haishuki maana sitaki kumwaga hela mara mbili. Mzigo safari hii mifuko 20.

#53 kipara wa Mafinga
Usipunguze mzigo!! Ukipunguza mzigo na ukabadili feni na themostati siku moja, isipochemsha utajua kilichoponya ni kipi? Weka 28 zilezile, badili kitu kimoja kimoja.

#54 Chuma Kizee
Yaani jana ulikuwa unamcheka na mifuko 28 leo unamwambia arudishe 28.

#55 kipara wa Mafinga
Sayansi mzee.

#56 Mtu wa Spea
Mkuu kama hedi ikigoma nina injini 5L (dizeli nyingine ya Toyota) kamili na gea boksi yake, imetoka Dubai, haina kompyuta haina mbwembwe, ukifunga hiyo unasahau. Njoo PM.

#57 Injinia Bila Cheti
Fisi wameshanusa.

#58 Dogo D4D
@Mtu wa Spea hiyo 5L bei gani kwani? Sio kwa ajili yangu, naulizia tu.